Sinema Iliyorudi Nyuma

Mzee Sospeter tumemzika Kemondo, Jumamosi, mvua ikinyesha na kuacha, kisha ikinyesha tena kama mtu asiyejua anataka nini. Waliosimama kuzungumza walimsifu kwa kwaya ya kanisa, kwa mashine ya kusaga aliyoihudumia miaka mingi, kwa subira yake katika ugonjwa. Hakuna aliyesema kwamba mzee huyu aliwahi kuwainua wafu katika ghala la kahawa la Muleba, mchana kweupe, watu wakiangalia. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikiwa na miaka sabini na kidogo, magoti yakiuma, nikasubiri labda mtu ataitaja sinema. Hawakuitaja. Walioiona wengi wao wametangulia, na vijana wa sasa wana sinema mifukoni, hawawezi kuelewa tulivyokuwa tukigombea nafasi juu ya magunia. Basi nikamwona mwanamke mnene mwenye sweta la kiuguzi akipita kwa waombolezaji na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yake ya harufu. Alipofika kwangu akanitazama, akacheka kimya kimya, akasema, “Mwalimu Adventina. Sikutarajia.” Alikuwa Koku. Nilijua kwamba siku ile nisingeondoka bila kumwambia jambo ambalo nilikuwa nimelikalia tangu yeye akiwa na miaka sita.

Mwaka ninaousema ni wa mwanzoni mwa vijiji vya ujamaa, wakati kila jioni watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma, na kila mkutano ulianza na nyimbo na kuishia na ahadi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina miaka kumi na tisa, nasubiri barua ya kwenda chuo cha ualimu, na kwa kuwa barua haikuwa na haraka, Mzee Kanji, mwenye ukumbi wa sinema pale Bukoba mjini, akaniajiri. Wilaya ilikuwa inakodi gari lake kuzungusha sinema za mafundisho, za kupogoa mibuni na kuchimba vyoo. Mzee Kanji, aliyewajua watu, alikuwa anatia kwenye gari na sinema moja ya kigeni ya kuvutia watazamaji. Sospeter alikuwa fundi wa mashine na dereva. Mimi nilikuwa mfasiri. Nilikaa kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na Kiswahili kikikwama nikitia Kihaya. Watu waliniita Mwalimu kabla hata sijaona mlango wa chuo, na nisiseme uongo, nililipenda jina hilo kupita kiasi. Nilikuwa na ugonjwa wa maneno. Shuleni tulifundishwa Kiswahili na mtu wa Tanga aliyetuambia kwamba Kiswahili chetu cha Kagera ni cha vitabuni, hakina damu, na akatupa orodha ndefu ya maneno ya kwao. Niliyashika yote. Nikawa natembea nayo nikitafuta pa kuyaweka, kama mtu aliyenunua viatu vipya na hana safari.

Sinema ya msimu ule ilihusu watoto wanaoua. Ilikuwa imetengenezwa kwa pesa kidogo sana, na umaskini wake haukufichika. Palikuwa na nyumba moja tu kando ya bahari, iliyokuwa shule, halafu hospitali, halafu nyumba ya mchungaji, na kila mara pazia lilikuwa lilelile lenye maua. Watu wazima walikuwa sita. Walipokwisha kuuawa, wawili wakarudi, mmoja amebandikwa masharubu, wakauawa upya. Damu ilikuwa nzito na tamu kwa macho, mtoto mmoja alionekana wazi akijilamba kidole. Lakini yule msichana kiongozi alitisha kweli. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi, nywele nyeupe, ameng'oka meno ya chini, na kila alipokwisha kumchoma mtu kisu alitabasamu, yakaonekana meno ya juu peke yake. Sababu ya watoto hao kuua haikuelezwa. Nafikiri fedha iliisha kabla ya kufika kwenye sababu. Kemondo tuliionyesha, watu wakapiga kelele, wakacheka, wakaenda zao kununua dagaa. Muleba ikawa vingine.

Tulionyeshea ndani ya ghala la kahawa, Jumapili baada ya misa, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta linanguruma nje karibu na barabara ya Biharamulo. Harufu ya kahawa kavu ilikuwa inakaa kwenye nywele hadi Jumatano. Wazee walikaa mbele kwenye viti walivyokuja navyo, akina mama kwenye mikeka, watoto juu ya magunia hadi karibu na paa. Tulianza na kupogoa mibuni, wakavumilia. Kisha watoto wakaanza kuua. Katikati, Sospeter alipokuwa anabadili reli, yaani mkanda wa sinema ulioviringwa, na ghala limekuwa giza, mzee mmoja akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea mabaraza, “Mwalimu, tunaomba kuelewa. Hawa watoto wamekosewa nini?” Mwingine akadakia, akitia na “waitu” letu la kubembeleza, “Mtoto haui bure, waitu. Lazima kuna neno.” Ghala zima likanyamaza linisikilize. Jibu la kweli lilikuwa moja: sijui, haikusemwa. Lakini niliyejiita mfasiri, na kipaza sauti mkononi, ningesemaje sijui? Mdomo ukanicheza. Nikasema, “Hawa ni vigego.” Neno hilo halikuwa na mtu hata mmoja aliyelijua mle ndani, na hapo ndipo utamu wake ulipokuwa. Nikaeleza kama nilivyoelezwa na mtu wa Tanga: kigego ni mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini, na mtoto wa namna hiyo huwamaliza jamaa zake mmoja mmoja. Reli ya pili ikaanza, msichana akatabasamu, meno ya juu peke yake. Akina mama wakashika vinywa. Nilijiona nimefika.

Tulikuwa tumepanga kwa Bibi Leokadia, mjane mwenye shamba la migomba nyuma ya soko. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mbele kilichotandikwa nyasi safi, picha ya Bikira Maria, na saa isiyokwenda aliyoipenda kwa umbo lake. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki mbili kabla, mwanawe mwenyewe yuko Mwanza kwa kazi, na Koku ndiye alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Koku ndiye aliyetuletea maji ya kunawa, akipiga goti moja kama alivyofundishwa, huku akichungulia mfuko wa Sospeter wenye bisibisi. Naye alikuwa ameng'oka meno ya chini mwezi uleule. Siku ya kwanza tu tulipofika, Bibi Leokadia alikuwa ametusimulia kwa kicheko jinsi mjukuu huyu alivyokuwa na haraka na maisha: aliota meno ya juu kwanza, akamng'ata mama yake kabla ya kujua kukaa. Katika kitongoji kile hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Nilikuwa nimecheka mimi pia, mdomo umejaa ndizi. Jumapili, nikiwa na kipaza sauti, haikunijia hata chembe.

Jumatatu adhuhuri tulikula ndizi kwa samaki, sato kutoka Kemondo. Bibi Leokadia alifungua majani ya mgomba, mvuke ukapanda, akanisogezea upande wa tumbo la samaki, pale penye mafuta. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na kiburi cha jana yake bado. Nilionja, nikasema samaki hana chumvi. Bibi akainuka bila neno, akaenda jikoni kunitafutia. Mama wa Koku hakuwapo kwenye jani, alikuwa amefungiwa chumbani na kichanga. Koku pia hakuwapo. Nilidhani yuko mchezoni.

Jumatano ndipo nilipoelewa. Shangazi Paskazia, binti mkubwa wa Bibi Leokadia, alikuwa amekuja kutoka Izimbya kumwona mtoto, na kwetu shangazi akisema jambo juu ya watoto wa kaka yake, halijadiliwi sana. Nilikuwa nimelala chumba cha pembeni, ukuta wa udongo una ufa uliopitisha mwanga na kila kitu kingine. “Mama, sinema imetoka Ulaya,” alisema Paskazia. “Wale ni wataalamu. Hata mwalimu amelitaja kwa jina lake. Kitu kisichokuwepo hakipewi jina.” Bibi Leokadia akasema meno ni meno. Paskazia hakukubali. “Watoto wa jirani hawachezi naye tena, umeona? Wanamkimbia wakimwita hilo jina. Kaka yangu ana mtoto mmoja wa kiume. Jumatatu ijayo nampeleka Koku kwa wajomba zake, Biharamulo, akae mpaka huyu mdogo aote meno yake salama. Kama ni mwaka, mwaka. Kama ni miaka, basi.” Nikasikia mama wa Koku akilia, kilio cha mzazi mpya asiye na nguvu ya kubishana. Mimi nilikuwa naangalia ule ufa. Neno lilikuwa langu. Halikuwamo katika sinema, halikutoka Ulaya, halikuwa hata la Wahaya. Nililibeba kutoka daftari la shule nikaliweka juu ya mtoto aliyeniletea maji, na sasa mtoto huyo anahamishwa nalo.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala. Alhamisi asubuhi nilimkuta Koku nyuma ya jiko, peke yake, ungo mbele yake umejaa senene wanaotapatapa. Kazi yake ilikuwa kunyonyoa mbawa na miguu, kazi ambayo kila mtoto wa Kihaya anaifanya huku akiimba. Yeye alikuwa amekaa tu, mikono ameikalia. Nikamwuliza mbona hafanyi kazi. Alijibu bila kufungua midomo vizuri, maana tangu Jumapili alikuwa amejifunza kuficha meno. “Mwalimu, kigego anaua akiwa macho au akiwa amelala?” Nikasema sijui, neno ambalo lingefaa sana Jumapili. “Nikiwa macho najizuia,” akasema. “Sitaki kumshika mtoto, na hawa senene siwashiki. Ila nikilala sijui mikono yangu inakwenda wapi.” Kisha akanitazama kama mtu anayeomba dawa. “Nifungeni na kamba nikilala. Bibi amekataa. Wewe mwambie.” Nimefundisha miaka thelathini na nne baada ya hapo. Nimeulizwa maswali magumu na wakaguzi, na wazazi, na wanangu mwenyewe. Hakuna lililonivunja kama lile. Nilikaa chini nikanyonyoa senene wote, ungo mzima, naye akiwa kando yangu amekalia mikono, na sikuweza kumwambia kwamba ni mimi niliyelileta neno lile. Nilikuwa nampenda mtoto yule, na niliogopa aibu kuliko nilivyompenda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwendea Sospeter. Alikuwa kwenye kivuli chembamba cha gari akipangusa lenzi kwa kipande cha shati. Nikamwambia tusiionyeshe ile sinema Jumapili ya pili tuliyopangiwa Muleba, tuonyeshe mibuni tu. Akapuliza lenzi, akasema, “Tukiificha watasema ni ya kweli mno hata sisi tumeiogopa.” Akapangusa tena. Akasema, “Kemondo hukusema habari za meno, binti.” Alikuwa Mlutheri mkimya, aliyeziona sinema zote kuwa upuuzi isipokuwa ile ya mibuni. Jumamosi jioni ndipo alipokuja na lake. “Kesho utafasiri kama kawaida. Mashine niachie mimi. Ila ahidi kitu kimoja: useme unachokiona, usiongeze.” Nikaahidi. Sikujua ana nini kichwani, na nilikuwa mnyonge kiasi kwamba angeniambia niimbe, ningeimba.

Jumapili ghala lilijaa kupita ile ya kwanza, maana habari za vigego zilikuwa zimefika hadi milimani. Bibi Leokadia alikuja na Koku, akamkalisha mapajani katikati ya mkeka, na pembeni yao pakabaki nafasi ambayo hakuna aliyeitaka. Shangazi Paskazia alikaa mstari wa mbele, amefunga mikono. Sospeter akaonyesha mibuni. Kisha akaweka ile reli ya mwisho ambayo wiki nzima hakuirudisha kwenye gurudumu lake, akazima sauti, akageuza kiwashio kimoja kidogo ambacho sikuwahi kumwona akikigusa taa ikiwa inawaka. Kwenye shuka akaonekana bwana mwenye masharubu, amekufa jikoni. Msichana wa nywele nyeupe akaingia kinyumenyume. Nilikuwa na kipaza sauti na ahadi. Nikasema ninachokiona. “Bwana amelala chini. Mtoto anakuja. Anashika kisu kilichomo tumboni mwa bwana. Anakitoa.” Damu ikapanda kutoka sakafuni, ikarudi ndani ya shati, shati likawa jeupe. “Bwana anaamka.” Bwana akaamka, akasimama, akaenda zake kinyumenyume na masharubu yake. Ghala halikupumua. Mwanamke aliyezama akatoka baharini mkavu. Mchungaji akaruka kutoka chini hadi dirishani, akakaa kwenye kiti, akachukua uma, na kutoka kinywani mwake akatoa kiazi kizima, akakiweka kwenye sahani. Akatoa cha pili. Hapo ndipo yule mzee wa mabaraza aliposhindwa, akacheka hadi kofia ikaanguka, na ghala zima likamfuata. Kila msichana alipoingia chumbani, watu walikuwa wanamshangilia sasa, maana walijua amekuja kumwinua mtu. Mtu mmoja akapaza sauti, “Mwalimu, na kigego je?” Nikasema katika kile kipaza, “Kigego simwoni. Namwona mtoto aliyeng'oka meno, anaamsha watu.”

Nilimtafuta Koku kwa mwanga wa shuka. Midomo alikuwa ameibana bado, mabega yanatikisika. Kisha kiazi cha tatu kikatoka kwa mchungaji, na mtoto akaachama, akacheka, meno yote ya juu nje, na hakuna aliyesogea mbali naye. Shangazi Paskazia alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nilidhani ana hasira, mpaka nilipoona kanga inarukaruka. Ilipokwisha, watu walikataa kutoka. Walitaka na mibuni irudishwe nyuma, na Sospeter, aliyeiheshimu sana sinema hiyo, akawakubalia, matawi yaliyopogolewa yakapanda mitini moja moja na bwana shamba akaondoka shambani bila kufundisha lolote. Jioni ile, kwenye chumba cha nyasi, Paskazia alitoka ndani na kichanga, akasimama mbele ya mpwa wake muda mrefu. “Kaa chini,” akamwambia. “Nyosha miguu. Kichwa, waitu, shika kichwa kwanza.” Akampakatisha kichanga. Koku alimshika mdogo wake bila kupepesa macho, kama mtu aliyepewa yai la mwisho duniani. Biharamulo haikutajwa tena. Jumatatu tulipakia mashine, barua yangu ya chuo ikanikuta Bukoba mwezi uliofuata, na mimi nikaondoka bila kukiri. Neno kigego sijalitamka darasani hata siku moja, ingawa limo katika kamusi.

Pale kwenye msiba, watu walipopungua, tulikaa na Koku chini ya turubai. Alikuwa amestaafu ukunga, miaka yote hiyo akipokea watoto wa wilaya nzima, na miezi ya mwisho alikuwa anakuja Kemondo kumfunga Mzee Sospeter kidonda cha mguu. Mdogo wake aliyempakata siku ile sasa ni babu, yuko hapohapo akipanga viti. Nikatafuna kahawa yangu mpaka ikaisha ladha, kisha nikasema yote. Kwamba neno halikuwa kwenye sinema. Kwamba niliona aibu kusema sijui. Kwamba siku ya senene nilijua na nikanyamaza. Koku alinisikiliza akiwa ameshika kikapu mapajani. Nilipomaliza akatoa meno yake ya bandia ya juu, akayatazama, akayarudisha. “Haya hayamtishi mtu tena,” akasema, tukacheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi najua. Mzee aliniambia mwezi uliopita nikimfunga mguu. Na Bibi alijua.”

Nikamwuliza Bibi alijua lini.

“Jumatatu asubuhi, kesho yake tu. Alimfuata Mzee kwenye gari, akamwuliza kama neno lile ni la sinema au ni lako. Mzee hakujua kudanganya. Mzee alitaka kukusimamisha Jumapili mbele ya watu wote uliseme mwenyewe. Bibi akakataa. Bibi alikuwa amemwona Mzee siku nyingine akiirudisha reli nyuma kwa mkono, akamwuliza kama watu waliomo nao hurudi. Sinema ya kurudi nyuma ilianzia hapo.” Koku akaipanga kahawa iliyobaki. “Alimwambia Mzee, ‘Usimwaibishe. Naye ni mtoto, hakujua ameshika nini. Ngoja kwanza nimpikie.’”

Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo alipoweka jani mbele yangu adhuhuri ile, alikuwa amekwisha kujua. Alinisogezea tumbo la samaki akijua, na mimi nikasema halina chumvi, na yeye akainuka, akaenda kunitafutia.